Majina Chini ya Vyungu

Ninyi vijana mtakaoyasoma haya kwenye simu zenu, kabla hatujaanza nawaomba jambo moja: msiniambie kwamba siku hizi kuna ndoo za plastiki. Najua. Ninazo nne. Ninayetaka kuwaeleza habari zake ni mtu, na huyo mtu aliingia utoto wangu kwa mlango wa vyungu, ndiyo maana vyungu vitakuwa vingi humu. Wenzangu wa rika langu watanielewa upesi zaidi, maana wao walikulia kwenye moshi uleule. Ninyi vumilieni.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Naandika kwa mkono wangu kwenye daftari, na mjukuu wangu Ikupa ananakili. Nimemkataza kunyoosha maneno yangu. Akiona pamepinda, apaache.

Juzi bodaboda ilisimama hapa uani kwangu Matema, akashuka mwanamke wa makamo, amepakata sanduku dogo la mbao tangu Kyela mjini, hakutaka lifungwe nyuma. Alinisalimu vizuri, akapiga goti kama aliyelelewa. Akasema, "Mama, mimi ni Neema, binti wa mzee Ambokile wa Ngonga. Baba ametutoka. Aliacha maneno kwamba hili lije kwako."

Nilimpa pole, nikampa maji, nikampa kiti. Kisha nikafungua sanduku. Ndani kulikuwa na kadi za karatasi ngumu, zimepangwa wima, zimebanana kama samaki kwenye tenga. Sikusoma hata moja. Ile harufu ilinitangulia. Harufu ya uji wa muhogo uliochacha na kukaukia kwenye karatasi. Nikawa tena na miaka tisa, miguu yangu imo ziwani, nasugua kwa mchanga.

Nilizaliwa kijiji cha wafinyanzi, kule milima inakosimama ndani ya maji, ambako hata leo ukitaka kufika upesi unapanda mtumbwi. Wanaume walivua, wanawake walifinyanga. Mama yangu Atuganile alikufa nikiwa bado sijajua kuhesabu vizuri, nikalelewa na bibi, mama yake mzazi. Bibi alikuwa mkali. Mnaoniona mimi mkali hamkumwona yeye. Alinifundisha kukanda udongo kwa kisigino mpaka usikie hauna kokoto, kuzungusha chungu juu ya kigae, kukisugua kwa kijiwe cha ziwani mpaka king'ae, na kupaka udongo mwekundu na mweupe bila kutetemesha mkono. Nikikosea alikibonda, nikaanza upya. Hakueleza. Alibonda tu.

Bwana Ambokile alikuja msimu wa kiangazi, kwenye mtumbwi uliojaa magunia ya mchele. Alishuka majini na viatu vyake mkononi, suruali ameikunja mpaka magotini, miguu myembamba kama ya korongo. Watoto tulicheka. Alikuwa kijana bado, lakini alitembea taratibu kama mtu anayebeba kitu kinachomwagika. Wazee walimuuliza kazi yake, akasema anatunza vitabu Kyela mjini. Kuna chumba, akasema, kina vitabu, na yeye anavipanga, anavifuta vumbi, anavipa namba ili mtu akitaka kimoja kisipotee katikati ya vingine.

"Na huku umefuata kitabu gani?" aliulizwa.

"Nimefuata vyungu, baba."

Baadaye, nilipokuwa mkubwa, alinieleza mwenyewe ilikuwaje. Siku moja dukani Kyela alimwona mama mmoja amenunua sufuria ya kwanza maishani mwake. Yule mama alikuwa amekuja na chungu kichwani. Alipopata sufuria, alikitua kile chungu mlangoni mwa duka, akaondoka, kama mtu anayevua viatu vilivyotoboka. Ambokile alikiokota. Kilikuwa kizuri. Akauliza dukani nani amekifinyanga, hakuna aliyejua. Akarudi kwenye chumba chake, akatafuta kwenye vitabu vyote alivyokuwa navyo, hakukuta hata mstari mmoja juu ya vyungu vya ziwa letu. Ndipo akaomba ruhusa kwa wakubwa zake. Wakamwambia haya, kakusanye, andika aina, kimo na mahali, lete. Mchele wa kununulia ulitoka shambani kwa mama yake, Ngonga.

Kwetu chungu hakikuwa na bei nyingine. Ukikitaka, ulikijaza nafaka mpaka mdomoni, nafaka ikabaki kwa mfinyanzi, chungu kikaenda nawe. Kwa hiyo kina mama walimpenda upesi, hasa wenye vyungu vikubwa. Lakini hawakumwachia apumue. Mwanamume kushinda anainamia vyungu, hilo hawakuwa wameliona. Mama Bupe, jirani yetu, alikuwa na mdomo usiopoa.

"Bwana Vitabu, kwenu hakuna mke wa kukuchotea maji, ndiyo unajikusanyia vyungu?"

"Sijaoa bado, mama."

"Kumbe. Wenzako huanza na mahari. Wewe umeanza na vyombo."

"Nikipata mke atakuta jiko limejaa."

"Atakukuta wewe jikoni, umekaa ndani ya chungu, unakipima."

Hakukasirika. Aliandika tu kwenye daftari lake, kichwa amekiinamisha zaidi.

Bibi alimpa chumba cha nje, na ukuta wa kivulini wa nyumba yetu ukawa ghala lake. Vyungu vilikuja kimoja kimoja. Cha maji, cha mboga, cha pombe, kidogo cha dawa, kikubwa cha kupikia watu wengi. Mimi nilikuwa na kazi ya kumpelekea maji ya kunawa. Nilimwogopa kidogo na nilimpenda kidogo. Alikuwa na desturi ya kuniambia "ndaga, Subi" kila nilipomletea maji, na mimi sikuwa nimezoea mtu mzima kunishukuru.

Miezi ikaenda. Bibi akaanza kukohoa. Kwanza kikohozi cha moshi, kisha kile cha ndani. Miguu ikavimba. Akaacha kwenda kwenye udongo, akawa anakaa mlangoni, kisha akawa halali ila ameegemea ukuta. Hakuna aliyeniambia kitu. Watu wazima hawamwambii mtoto, wanamwambia akachote maji.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penyewe.

Kijijini kwetu msiba ukitokea, nyumba iliyofiwa haiwezi kupikia watu wote kwa vyungu vyake. Majirani wanaazimisha. Na ili vyungu visichanganyike, kila nyumba inaweka alama yake chini, kwenye kitako, kwa mkaa au kwa udongo mweupe. Huyu msalaba, huyu mistari miwili, huyu kiduara. Vyungu vinabinuliwa kwenye mstari, kitako juu, vinapigwa alama, ndipo vinaingia kazini. Siku nyingine yoyote chungu cha mwenye nyumba hakiwekwi alama. Cha nini? Kiko kwake. Mimi nilikuwa nimeona mstari ule mara moja kwa karibu. Mama alipokufa, mimi mdogo, nilikaa chini nikivitazama vile vitako vyeusi vyenye alama nyeupe, kwa sababu vilikuwa kimo changu, na hakuna mtu aliyekuwa ananitazama mimi. Uso wa mama siku ile siukumbuki. Vitako vya vyungu navikumbuka vyote.

Basi asubuhi moja ya Jumamosi napeleka maji, namkuta Bwana Ambokile amevibinua vyungu vyote kwenye mstari, ukutani kwa bibi, upande uleule bibi alioegemea kwa ndani. Thelathini na kimoja. Pembeni ana bakuli la uji mzito wa muhogo. Anachovya kidole, anapaka kwenye kitako, anabandika kipande cha karatasi chenye alama. Ananyanyuka, anasogea, anabandika kingine.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Naweka alama, Subi, visije vikapotea. Jumanne boti inakuja kunichukua."

Ndani bibi akakohoa.

Niliweka maji chini. Sikulia. Mtoto akiwa na hofu kubwa halii, anapanga. Nilijiambia: huyu ni mtu wa vitabu, vitabu vinajua mambo. Amejua bibi anakufa Jumanne. Ndiyo maana amekusanya vyungu muda wote huu, kimya kimya, na mchele juu yake. Mchele wa kuwapikia waombolezaji. Kila kitu kikakaa mahali pake kichwani mwangu, sawasawa kabisa, na kila kitu kilikuwa uongo.

Nikapanga hivi: kusipokuwa na alama, hakuna msiba.

Jumapili watu wote walikwenda kanisani. Niliachwa nimwangalie bibi. Alikuwa amesinzia. Nilivibeba vyungu vile kimoja kimoja hadi ziwani, vikubwa nikavibingirisha kwenye majani nisivivunje, nikasimama kwenye maji ya magoti na kuanza kusugua kwa mchanga. Karatasi zililainika, zikatoka. Zilielea zimenizunguka, nyeupe, ndogo, kama usipa, wale dagaa wa ziwa letu, waliokufa. Kutoka kanisani nilisikia wimbo wa pili, wa tatu, halafu kimya kirefu cha mahubiri. Nilimshukuru mchungaji kwa urefu wa mahubiri yake, mara ya kwanza na ya mwisho maishani. Mikono ilichubuka. Nikavirudisha vyote ukutani, nikavisimamisha vizuri, midomo juu, kama vyungu vya nyumba ya watu walio hai.

Nilipoingia ndani bibi alikuwa macho. Akasema, "Kuna uji?" Siku tatu hakuwa ameomba chakula. Nilimpa uji, akamaliza bakuli. Niliona kwa macho yangu mwenyewe kwamba dawa imefanya kazi.

Bwana Ambokile alirudi na suruali yake nyeupe ya kanisani. Alifika ukutani, akasimama. Akabinua chungu cha kwanza, akatazama chini. Cha pili. Cha tano. Kisha akaketi kwenye mavumbi na ile suruali nyeupe, akaweka mikono magotini. Afadhali angepiga kelele.

Bibi akauliza kutoka ndani, "Mbona kimya hivyo huko nje? Kuna nyoka?"

"Hakuna nyoka, bibi," nikasema. "Nimeviosha."

"Umeosha nini?"

"Vyungu. Nimetoa alama. Sasa hufi tena Jumanne."

Ikabidi nieleze yote. Nilieleza nimesimama mlangoni, bibi ndani, Bwana Ambokile nje, mimi katikati. Nilipofika kwenye mchele wa waombolezaji, bibi alitoa sauti ambayo nilidhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Niletee fimbo."

"Subiri kwanza, bibi," Bwana Ambokile akasema.

"Kwenye nyumba hii mtoto anachapwa na mwenye nyumba. Mgeni hapigi wala hazuii."

"Sizuii. Nauliza tu kama fimbo itarudisha zile namba."

Bibi alimwuliza hasara ni kiasi gani. Akatueleza. Daftari lilikuwa limeandikwa kwa namba: namba moja chungu cha maji, kimo hiki, mahali hapa, alichoambiwa juu yake, namba mbili, na kuendelea. Bila namba chini, daftari lilikuwa halijui vyungu, na vyungu havilijui daftari. Angeweza kupima upya, lakini vingi vililingana kimo na mdomo. Kazi ya kiangazi kizima. Na wakubwa zake walikuwa wamemwambia akirudi na vyungu visivyo na maelezo, watavigawa jikoni, na yeye asiombe ruhusa tena. Alisema hivyo bila kulalamika, kama anayesoma.

Mimi nilikuwa sielewi kitu kimoja. Nikamuuliza, "Unatafuta kipi?"

Akafungua daftari, akasoma, labda kwa kunihurumia tu. "Namba kumi na nne. Chungu cha maji. Kina mistari mitatu shingoni. Mfinyanzi hajulikani."

"Nani hajulikani?"

"Aliyekifinyanga."

"Mbona anajulikana? Ni Mama Bupe. Ni hiki hapa."

Alinitazama. Nikashika mkono wake, nikauingiza mdomoni mwa chungu, nikamwonyesha kwa ndani, pale gumba linapokandamiza wakati wa kuinua ukingo. Mama Bupe alikuwa na kovu la ndoana kwenye gumba, na kila chungu chake kilikuwa na kovu hilo ndani ya shingo. Kila mtoto wa kijijini kwetu alilijua. Hatukuwa tumelitaja kwa sababu hakuna aliyetuuliza. Yeye aliuliza cha kazi gani, cha udongo gani, kinapikwa muda gani. Nani, hakuuliza, maana alidhani chungu kina kabila na kina mahali, basi. Na kina mama nao walidhani anajua, si amekichukua mlangoni mwao?

"Na hiki?" akauliza.

"Cha bibi wa kule kwenye mwamba. Anakandamiza kwa kidole cha kati, kile cha shahada kilikatika."

"Hiki?"

"Cha Mama Bupe tena, lakini alikuwa na haraka."

Watu walikuwa wanatoka kanisani, wakaanza kusimama. Wanawake waliposikia kuna mtoto anaeleza vyungu, hakuna aliyekwenda kupika. Mama Bupe akasema ni ujanja tu, naangalia rangi. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akanifunga macho, akakaza mpaka nikaona nyota. Nikapewa chungu, nikapitisha mkono, nikataja. Kingine, nikataja. Mfinyanzi mwenyewe alipojibu "ndimi" watu walicheka. Nilipewa kimoja kizito, nikakipapasa, nikakinusa.

"Hiki hakimo kwenye vyungu vya Bwana Vitabu," nikasema. "Hiki Mama Bupe amekitoa kwake sasa hivi. Ndicho anachounguzia maharage."

Kicheko kile hata bibi alitoka nje, ameshika ukuta, miguu imevimba, akaketi kizingitini. Mama Bupe akasema, "Mtoto huyu akikua asiolewe karibu na kwangu." Lakini tangu hapo alikaa chini kabisa pamoja nasi, na wengine nao wakakaa, wakaanza kusaidia. Palipokuwa na ubishi waliita mwenyewe. Bwana Ambokile aliandika huku akifuta jasho. Namba zilirudi moja moja, na sasa kila namba ilikuwa na mtu.

Ndipo nikapewa kimoja kidogo, cha mboga.

Mikono yangu ilijua kabla yangu. Mistari ya shingoni kwa wafinyanzi wote inalala upande mmoja, kwa sababu wote walishika kijiti kwa mkono wa kulia. Ile ililala upande wa pili. Kijijini kwetu mtu mmoja tu alikuwa wa kushoto. Nilikaa na chungu kile mapajani, kitambaa kimenifunga macho, nikashukuru kwamba kimefungwa.

"Subi, umeshindwa?" Bwana Ambokile akauliza.

Watu walikuwa wameacha kucheka. Walikitambua wao kwa macho.

Bibi alijibu. "Huyo ni mwanangu. Ni Atuganile, mama yake huyu. Ndicho cha mwisho."

Bwana Ambokile alisikika anafunua karatasi. Baadaye aliniambia alitafuta alichokuwa ameandika, akakuta: chungu cha mboga, kimo shibiri moja, mfinyanzi hajulikani. Akasema, "Mama, nisamehe. Sikujua. Nitakirudisha ndani."

"Ulifikiri nilikupa kwa bahati mbaya?" bibi akasema. "Mimi naumwa. Nikiondoka, huyu mtoto atakipikia, siku moja kitamponyoka, na mama yake atakuwa ameisha. Nilikuona unafuta vyungu vumbi kwa shati lako. Nikasema, kwa huyu hakitavunjika."

"Hakitavunjika."

"Lakini umeandika nini?"

"Nimeandika hajulikani."

"Basi sikiliza. Kama atakuwa hajulikani, kirudi ndani sasa hivi, kivunjike mikononi mwa mtoto wake. Ukiandika jina lake, kiende."

"Wakubwa wangu walisema aina, kimo na mahali. Nafasi ya jina hawakuiweka."

"Kwani daftari liko mkononi mwa nani?"

Nilisikia anacheka kidogo puani. Kisha akanifungua kitambaa. Jua lilinipiga. Alikuwa ametoa kadi ngumu mfukoni, ya aina aliyotumia kwa vitabu vyake, na penseli fupi. Akaniambia, "Andika wewe."

Nilikuwa najua herufi, kwa shida. Jina la mama sikuwahi kuliandika, nani angenituma? Aliniandikia kwanza mchangani kwa kidole, nami nikanakili kwenye kadi, ulimi nje. Ile N ikageuka ikatazama nyuma. Nilitaka kuifuta akanishika mkono. "Iache. Inasomeka." Niliandika jina la mtu aliyekufa mbele ya kijiji kizima, na hakuna kilichotokea, ila Mama Bupe alijifuta uso kwa ncha ya kanga na kusema moshi, wakati hapakuwa na moto.

Fimbo nilichapwa, msidhani. Tatu, jioni. Bibi alisema moja ni ya kugusa vitu vya mgeni, moja ya kumwacha mgonjwa peke yake, na ya tatu ni ya kumzika yeye mapema. Mwenye nguvu za kuchapa hivyo hafi Jumanne. Hakufa. Alipata dawa kwenye boti ileile iliyomchukua Bwana Ambokile, akaishi akanifunza mpaka nikaanza kuuza vyungu vyangu mwenyewe kwenye gulio la Matema.

Na yeye? Alirudi Kyela na vyungu thelathini na kimoja vyenye majina, kila kimoja na kadi yake imebandikwa kitakoni kwa uji uleule wa muhogo. Wakubwa zake walinuna. Mmoja alimwambia hii si orodha, hii ni hadithi ya ukoo. Lakini mwingine aliisoma akakaa nayo, na ndiye aliyempeleka masomoni, mbali, ng'ambo, kusomea historia ya sanaa. Sikujua kama kuna kitu hicho. Alinieleza kwamba ni kazi ya kutazama kitu kilichotengenezwa mpaka kikuambie nani, kwa nini, na alijifunza kwa nani. Nikamwambia hiyo ni kazi ya mama mkwe. Alikaa huko, akarudi, akaongoza nyumba kubwa ya vitabu mjini, akaandika vitabu vyake, watu wakamwita kwa vyeo. Na popote alipoletewa kinyago, mkeka, kikapu, kilichoandikwa hajulikani, alimtuma mtu arudi kijijini kilikotoka, akaulize. Wengine walichoka naye kwa hilo. Yeye hakuchoka.

Kila baada ya miaka kadhaa alikuja kunitembelea, anashuka majini na viatu mkononi, nywele zikizidi kuwa nyeupe. Aliniletea vitabu vyepesi. Ndiyo maana leo naandika. Siku moja aliniambia mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Nikamwambia aache maneno ya kanisani, anywe chai.

Nimefikiri sana siku hizi mbili. Nilipokuwa mtoto nilidhani anaweka alama kwa sababu kuna msiba unakuja, na kila mtu alinicheka. Lakini msiba ulikuwa unakuja kweli. Ulikuja na sufuria, ukaja na ndoo. Wafinyanzi niliowataja macho yamefungwa, wote wamekwisha, na wengi hawakuacha hata kigae. Yeye aliuona mapema, akaja na mchele. Kosa langu lilikuwa dogo: nilidhani ni wa bibi.

Neema alinisaidia kutafuta kwenye sanduku. Kadi thelathini na moja. Alisema vyungu vyenyewe bado vipo mjini, kabatini, vizima, na chini ya kila kimoja limeandikwa jina, si namba peke yake. Kadi hizi za kwanza baba yake alizinakili akazitoa, akazitunza kwake. Ya mama ilikuwa ya mwisho. Penseli imefifia, lakini ile N bado inatazama nyuma. Ikupa aliichungulia begani kwangu akauliza ni mtoto gani aliandika vibaya hivi. Mimi nilikuwa nahesabu mikono inayofinyanga humu nyumbani.

Maana Ikupa anafinyanga. Hamkujua hilo. Binti mwenye simu mbili, anafinyanga vizuri kunipita, na watalii wanaokuja ufukweni wanavibeba vyungu vyake kwa magari, kila mmoja anakwenda na chake kwao, na huko ukiuliza nani, hajulikani.

Tulimsindikiza Neema mpaka barabarani. Niliporudi, sikuingia ndani. Nilisimama uani nikawaita wote, mkwe wangu na jembe lake, Ikupa na udongo wake mikononi, hadi wadogo. Nikawaambia watoe vyungu vyote vilivyomo ndani, vya kuuza na vya kupikia, wavipange kwenye mstari ukutani, kitako juu. Hakuna aliyesogea. Wanajua maana yake. Mkwe wangu akaweka jembe chini, akauliza kwa sauti ndogo nani amefariki.

"Hajafa mtu," nikasema. "Binueni vyungu. Ikupa, nawa mikono, leta kalamu, anza na jina lako."